Kijiwe Barazani kwa Mtu

Aliyekulia uswahilini anajua kijiwe kinavyozaliwa. Hakuna anayekaa kikao cha kukianzisha. Mwenye nyumba ana baraza lenye kivuli, muuza kahawa anatua hapo na birika lake, wawili watatu wanakaa, bao linaletwa, na miezi michache baadaye mahali pana jina. Hapo ndipo utajua nani kafiwa, nani anauza pikipiki, fundi gani wa bomba hali pesa ya vifaa. Halafu mwenye nyumba anafariki, watoto wanauza, mnunuzi anapandisha ukuta. Waliokuwa wakikaa hawafukuzwi na mtu. Wanakuta tofali asubuhi, wanasimamasimama kidogo ng'ambo ya barabara, kisha kila mtu na njia yake.

Nimekuwa nikikifikiria kijiwe cha namna hiyo kila ninapokutana na habari za vikundi vya watumiaji wa programu za usanifu na utengenezaji wa tovuti. Vilikuwapo vingi sana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, miji mingi ya Marekani na Ulaya ilikuwa na kundi la watumiaji wa programu za kampuni ya Macromedia, ambalo baadaye, kampuni hiyo iliponunuliwa, lilikuja kuitwa la Adobe. Watu walikutana jioni moja kila mwezi, kwenye ukumbi wa maktaba, darasa la chuo au ofisi ya mwanachama aliyeruhusiwa na bosi wake. Kulikuwa na projekta, piza, na mtu mmoja aliyesimama kuonyesha jinsi alivyofanya kazi fulani. Mwisho wa kikao ilichezeshwa bahati nasibu, na mshindi akaondoka na boksi la programu lililotumwa bure na kampuni. Kiongozi wa kundi hakulipwa mshahara. Kampuni ilimtambua, ikampa leseni na fulana, na mara mojamoja ikamtumia mtaalamu wake aliyekuwa safarini.

Ukisoma maelezo hayo haraka utasema ni matangazo ya biashara yaliyovalishwa nguo ya urafiki. Ni kweli kwa kiasi. Lakini anayeishia hapo hajui kazi ya tovuti ilivyokuwa wakati ule.

Dreamweaver, programu ya Macromedia ya kutengenezea tovuti, ilitoka Desemba 1997. Sifa iliyoipa jina ilikuwa adabu yake: ukiandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kwa mkono wako kisha ukaufungua ndani yake, iliuacha ulivyo. (Naandika msimbo kwa sababu makala yanasomwa na wahariri. Mtaani hakuna anayelisema neno hilo, na ukisema kodi watu wanaanza kufikiria TRA.) Programu nyingine za wakati huo zilikuwa zikiupanga upya msimbo wako zinavyotaka zenyewe, nawe ukarudi kesho usiitambue kazi yako. Fireworks ikafuata mwaka 1998, nayo ilikata picha kubwa ya ukurasa vipandevipande na kuvipanga kwenye jedwali, kwa kuwa jedwali ndilo lililokuwa fremu ya kila ukurasa. Kisha kulikuwa na Netscape 4. Kivinjari hicho kilikuwa na ugonjwa wa ajabu: mtumiaji akibadilisha ukubwa wa dirisha, vitu ulivyovipanga kwa usahihi vinahama mahali pake. Dawa ilikuwa kipande kidogo cha JavaScript cha kuupakia ukurasa upya, na Dreamweaver ilikuwa na amri ya kukiingiza. Kwanza, hata hivyo, ulitakiwa ujue kwamba ugonjwa huo upo, una jina, na tatizo si wewe.

Thamani ya kikao ilikuwa hapo. Leo ukikwama unaandika swali, jibu linakuja kabla hujameza mate. Ila jibu linakuja kwa swali ulilojua kuliuliza. Anayekaa nyuma ya mwenzake akitazama mkono unavyotembea juu ya kibodi hupata majibu ya maswali ambayo hayajamfikia. Anamwona mwenzake anataja leya zake, yaani matabaka ya picha, kwa majina yanayoeleweka badala ya kuziacha namba tupu, au anahifadhi nakala kabla ya kugusa kitu, au anafuta kazi ya saa nzima bila huruma na kuanza upya. Hayo hayafundishwi kwa makusudi. Mwenye nayo mwenyewe hajui kwamba anayo, na ukimwomba akueleze atakueleza kitu kingine kabisa. Ukumbini watu ishirini wanamwona, na mmoja anamkatiza: hebu rudi nyuma, umebonyeza nini hapo?

Mambo haya hayakuanza na Macromedia. Agosti 1955, huko Los Angeles, watu wa kampuni zilizokuwa zikisubiri kompyuta mpya ya IBM 704 walikutana na kuunda kundi wakaliita SHARE. Wengi walitoka kwenye viwanda vya ndege. Kila kiwanda kilikuwa kimeona kwamba kinaandika kwa gharama yake programu zilezile ambazo jirani anaziandika, ngazi ya chini kabisa ya kuifanya mashine ifanye kazi, kabla hata ya kufika kwenye hesabu za ndege. Wakaamua kugawana. Viwanda hivyo vilikuwa vikigombania zabuni za serikali usiku na mchana, lakini kugawana hakukuwaumiza, kwa kuwa programu ya kuisomesha kompyuta kadi za matundu haikuwa bidhaa ya yeyote kati yao. Walikuwa wakiuza ndege. Naomba msomaji aliweke hilo kando, nitalirudia nikifika Kariakoo.

Miaka 20 baadaye, Machi 1975, wapenzi wa kompyuta wakakutana gereji kwa mtu Menlo Park, California, na kundi lao la Homebrew ndilo ambalo Steve Wozniak alilionyesha kompyuta aliyoitengeneza kabla haijaitwa Apple. Mwaka uliofuata Bill Gates akaandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi hao kwa kunakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Yaani kundi la watumiaji na CD ya magendo ni ndugu wa tumbo moja, na ugomvi wao na mwenye programu una umri wa nusu karne. Boston nako kijana wa miaka 13, Jonathan Rotenberg, alianzisha jumuiya ya kompyuta mwaka 1977. Ikakua ikapita wanachama 30,000, Macintosh ikaletwa kuonyeshwa kwao Januari 1984, siku chache baada ya kutoka. Mwaka 1996 ikafungwa. SHARE ya 1955 bado inakutana.

Kwa nini moja ilifungwa na nyingine inaendelea? Jibu jepesi ni kwamba intaneti iliua vikundi. Intaneti ilipunguza watu ukumbini, sikatai, lakini haielezi kwa nini SHARE ilibaki. Jibu langu mimi ni chungu kidogo. Wanachama wa SHARE walikuwa wateja wakubwa ambao IBM iliogopa kuwakosa. Walikuwa na sababu ya kukutana isiyotegemea hisani ya muuzaji, na wakikubaliana jambo muuzaji alisikiliza. Kundi la wasanifu wa tovuti la mji wa kawaida lilikuwa na watu arobaini, kila mmoja na leseni yake moja, wengine hata hiyo hawana. Jina la kundi lilikuwa la kampuni, zawadi zilikuwa za kampuni, wakati mwingine hata orodha ya wanachama iliwekwa kwenye mfumo wa kampuni. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walishasema.

Kisa kinachonionyesha hali hiyo vizuri kuliko vyote ni cha FreeHand, na nashangaa kinavyosahaulika haraka.

FreeHand ilikuwa programu ya kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari isiyoharibika ukiikuza, iliyotengenezwa na Altsys, kampuni ya Texas, na kuuzwa na Aldus. Mpinzani wake alikuwa Illustrator ya Adobe. Mwaka 1994 Adobe na Aldus zikaungana. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaona hatari mara moja: programu mbili zinazoshindana zitakuwa mkononi mwa mtu mmoja. Ikaagiza FreeHand irudishwe kwa Altsys, na ikaizuia Adobe kuinunua kwa miaka kumi bila idhini. Macromedia ikainunua Altsys, na FreeHand ikahamia huko na wapenzi wake. Aprili 2005, miaka kumi ikiwa imekwisha, Adobe ikatangaza kuinunua Macromedia nzima kwa hisa za thamani ya takriban dola bilioni 3.4. Desemba mwaka huo mambo yakakamilika. Mwaka 2007 wapenzi hao wakaambiwa: FreeHand haitatengenezewa toleo jipya tena, hamieni Illustrator.

Sasa angalia walichofanya. Kwa kawaida watumiaji wa programu inayokufa hulalamika mwaka mmoja kisha huzoea. Hawa waliunda chama wakakiita Free FreeHand. Mwaka 2011 wakaishtaki Adobe katika mahakama ya shirikisho huko California kwa kuua ushindani. Jaji akakataa kuyatupa baadhi ya madai yao, na mwaka 2012 pande mbili zikapatana. Walipata punguzo la bei na ahadi ya kusikilizwa kuhusu Illustrator. FreeHand haikurudi. Niseme ukweli, nikiisoma hukumu ile nawaonea fahari na huruma kwa pamoja. Wametumia miaka na mawakili, wakaambiwa na mahakama kwamba malalamiko yao si ya kipuuzi, kisha wakaondoka na punguzo la bei kwenye duka la yuleyule waliyemshtaki.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Aprili 2010 Steve Jobs akaandika barua kueleza kwa nini Flash, programu ya picha zinazotembea kwenye tovuti ambayo Adobe iliirithi kwa Macromedia, haitaingia kwenye iPhone. Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba kuanzia hapo programu zake zitakodishwa kwa mwezi au mwaka, na CS6, mkusanyiko wa programu zake wa 2012, ndiyo ya mwisho kununuliwa moja kwa moja. Kipindi hichohicho ikasema Fireworks haitaendelezwa. Flash Player nayo ikaachwa kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020. Fikiria kundi la mji lenye neno Flash kwenye jina lake, na mtaalamu wake aliyetumia miaka kumi kuijua lugha ya ActionScript mpaka ndani.

Ukodishaji uliua pia kitu kidogo ambacho wachambuzi wa biashara hawakukitaja: boksi la bahati nasibu. Programu ilipokuwa boksi, kampuni ingeweza kutoa moja, na mshindi alitembea nalo nyumbani likawa lake mpaka leo. Kodi ya pango haichezewi bahati nasibu kwa raha ileile. Ukishinda miezi kumi na miwili ya kukodi, umeshinda deni litakaloanza mwaka kesho.

Kwa hiyo tarehe 15 Septemba 2022, Adobe ilipotangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, wasanifu wa umri wangu hawakuhitaji kuelezwa kitu. Figma ni programu ya kusanifu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, watu wengi kwenye faili moja kwa wakati mmoja. Nayo ina vikundi vyake vya miji vinavyoitwa Friends of Figma, vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, kwa mtindo uleule wa Macromedia. Vijana wa vikundi hivyo walishtuka. Sisi tuliokuwepo tuliona mwaka 2005 unarudi na nguo mpya. Safari hii wasimamizi wa ushindani wa Uingereza na Umoja wa Ulaya walikaza kamba, na tarehe 18 Desemba 2023 mpango ukavunjwa, Adobe ikailipa Figma dola bilioni moja kwa kuvunja ahadi. Watu walishangilia. Julai 2025 Figma ikaingia soko la hisa la New York, ambako mwenye hisa ana hamu zake na mwenye kijiwe ana zake.

Hapo ndipo wapenzi wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, hunyanyua mkono, na wana haki. Mfano wao mzuri unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi, iliyozungumza Kiswahili, na haukuhitaji kumpigia mtu magoti kupata ruhusa. Sun, iliyokuwa ikiilea OpenOffice, ilinunuliwa na Oracle na mambo yakakamilika Januari 2010. Wachangiaji walipoona mwelekeo haueleweki, Septemba mwaka huohuo walichukua msimbo wakaondoka nao, wakaupa jina LibreOffice. Hawakushtaki mtu. Linganisha na wale wa FreeHand. Wote walimilikishwa kwa bwana mpya bila kuulizwa, ila wa pili waliweza kulibeba baraza lenyewe mgongoni.

Mimi ni mtu wa kuchapisha, kwa hiyo siwezi kuishia kwenye sifa. Nilijaribu Inkscape, programu huria ya kuchora, kwa miezi kadhaa. Ni programu nzuri, huru tangu 2003, na nembo nyingi nimezichora humo. Lakini kiwanda cha uchapaji kinataka rangi zilizotenganishwa kwa CMYK, yaani wino nne za uchapaji, na nilipopeleka kazi ya kalenda bluu ilirudi zambarau. Mteja hakutaka kusikia habari za uhuru wa programu. Nikarudi nilikotoka.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, nayo imetufundisha kwamba uhuru wa msimbo ni jambo moja na umiliki wa baraza ni jingine. Msimbo ni huria tangu 2003. Mikutano yake inaitwa WordCamp, Nairobi na Kampala zimewahi kuandaa, na unaweza kuzungumza na wenyeji wake ukafurahi: wanafunzi, waandishi, watu wa mashirika, mama mwenye duka la vitambaa anayetaka kuuza mtandaoni. Lakini jina la WordPress lina masharti yake. Halafu Septemba 2024 Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wawili, akapanda jukwaani kwenye WordCamp ya Marekani na kuisema vibaya WP Engine, kampuni ya kuhifadhi tovuti za WordPress iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wa mkutano uleule. Siku chache baadaye kampuni hiyo ikafungiwa huduma za WordPress.org, tovuti kuu ya mradi. Oktoba, kila aliyetaka kuingia kwenye akaunti yake ya WordPress.org alikuta kisanduku cha kuweka tiki akithibitisha kwamba hana uhusiano na WP Engine. Mfasiri wa kujitolea wa mbali kabisa, asiyewajua wagombanao, anaulizwa yuko upande gani. Desemba 10 mahakama ya California ikatoa amri ya muda kuzuia hatua hizo, kisanduku kikatolewa. Mafahali wawili hao waligombana juu ya nyasi za kila mtu, na msimbo kuwa huria hakukumsaidia aliyetaka tu kufungua akaunti yake atafsiri sentensi mbili.

Sasa nirudi Kariakoo kama nilivyoahidi.

Kwetu vikundi vya Macromedia vya mtindo ule havikushika mizizi, na sababu yake si uvivu. Kampuni huhesabu wateja, na sisi hatukuwa wateja kwenye vitabu vyake. Kabla ya SEACOM, waya wa intaneti wa chini ya bahari, kufika pwani yetu Julai 2009, programu ilikuja kwa CD yenye maandishi ya kalamu ya wino mzito, Photoshop, CorelDRAW na kamusi ya Kiingereza kwenye sahani moja, na namba ya siri kwenye faili la maandishi. Bahati nasibu ya boksi ingemfurahisha nani, wakati boksi lote unalipata kwa bei ya chipsi kuku? Kwa hiyo kijiwe chetu hakikuwahi kukaa barazani kwa Adobe. Kilikaa kwenye steshenari ya Kariakoo, mbele ya fremu ya mtu anayechapa kadi za harusi na kudurufu vyeti. Nimejifunzia hapo. Nilikaa kwenye stuli nyuma ya fundi kwa mwaka karibu mzima, nikimpelekea chai na kumkatia kadi, kabla hajaniruhusu kugusa kipanya.

Na hapo kuna tofauti inayoniuma. Fundi yule alikuwa hodari, lakini kila alipofika mahali pa ujanja alinituma soda. Nilikuwa nikirudi nakuta picha imeshakatwa mandhari, nywele zote safi, na yeye anapiga mluzi. Kwa miaka nilimwona mchoyo. Baadaye nikajisomea habari za wale wa viwanda vya ndege, nikamwelewa. Wao waligawana wasichokiuza. Fundi wangu alikuwa akiuza hasahasa kile ambacho nilitaka anigawie: kukata picha kwa dakika tano wakati fremu ya jirani inatumia nusu saa. Angenifundisha, na mwezi ujao ningefungua fremu upande wa pili wa barabara na kumnyang'anya wateja wa Mei mpaka Agosti, msimu wa harusi. Kumlaumu ni kumtaka mtu mwenye genge agawe nyanya.

Tangu nimeliona hilo, naangalia kwa jicho jingine mikutano ya wasanifu na waandishi wa msimbo inayofanyika katika miji yetu. Nairobi ilipata iHub, ukumbi wa watu wa teknolojia, mwaka 2010. Dar es Salaam nayo ikapata Buni Hub kwenye jengo la COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kijitonyama. Viti vipo, intaneti ipo, projekta ipo. Lakini nimehudhuria vikao ambako mzungumzaji anaonyesha kazi iliyokamilika, slaidi baada ya slaidi, na akiulizwa alifikaje hapo anajibu kwa maneno mapana kama ya mgombea. Ni kisa kilekile cha soda, kwa kiyoyozi. Magrupu ya WhatsApp nayo yamejaa picha za mabango yaliyomalizika na emoji za moto. Mkono unaotembea huuoni. Wa manufaa kidogo ni yule anayeuliza "nani ana hii fonti?", na ndani ya dakika mbili anatumiwa, ya magendo bila shaka.

Kama ningeulizwa kikao cha wasanifu wa Dar kizungumze nini, ningeanza na mambo ambayo hakuna fremu inayoyauza. Namna ya kupeleka faili kwenye kiwanda fulani cha uchapaji ili bluu ibaki bluu. Mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kinachoshika, wa kumzuia mteja wa serikali ya mtaa kuomba marekebisho ya kumi na nne. Bei. Bei kabisa, kwa shilingi, bila aibu, maana tunapigana bei gizani na mteja ndiye mwenye tochi. Namna ya kulipa kodi ya programu kwa dola wakati kadi ya simu inakataliwa. Kupokea malipo kutoka nje. Maneno: tunasema leya, fonti, maski, lakini kwenye kozi ya vijana wa VETA kila mwalimu ana yake, na watu wa Kilinux walionyesha miaka 20 iliyopita kwamba maneno yanaweza kukaliwa kitako yakapatikana. Hayo yote ni yetu wote na si ya mtu. Mpinzani wangu akiyajua sipotezi mteja; pengine napata pa kusimamia siku mteja akinitisha kwamba kuna mwenzangu anayefanya kwa nusu.

Udhamini sitaukataa. Kampuni ikileta piza, tutaila, na ikileta mtaalamu wake tutamkaribisha, mgeni njoo mwenyeji apone. Ninachokataa ni kundi kupewa jina la programu. Jina liwe la mtaa au la mti ikibidi, na orodha ya wanachama ikae kwa katibu, kwenye daftari, pamoja na namba za simu. Figma ya leo ni FreeHand ya 1995: tamu, ya kwetu, mkononi mwa mtu mwingine. Na zana hizi zinazojengea mtu tovuti kwa kuandikiwa sentensi mbili zitakuwa na vikundi vyake na fulana zake kabla ya mwaka kwisha, kama hazijaanza.

Mwezi uliopita nilipita kwa fundi wangu wa zamani. Mvi zimeenea. Bado anatumia CS6, ileile ya 2012, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuunganishwa na intaneti, kwa sababu anaamini ikionja mtandao tu itaanza kumdai kodi. Nje ya fremu kuna benchi la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe, na vijana wanne walikuwa wamekaa na laptopu zao, mmoja akimwonyesha mwenzake namna ya kukata nywele kwenye picha. Nikamuuliza fundi: siku hizi huwatumi soda? Akacheka, akasema hao wanafanya kwa programu inayokata yenyewe, hakuna tena cha kuficha, na wakikaa pale nje wanamletea wateja. Nikamwambia basi ana bahati, baraza lake mwenyewe. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. Fremu amepanga, akasema, miezi sita mbele, na mwenye nyumba keshamwambia kuna Mchina ameulizia.